Mtoto wa Kulea Naye Ana Msiba Wake

Binti ninayemlea aliletwa nyumbani kwangu Ngamiani, hapa Tanga, akiwa na miaka 4, mkononi ameshika kipande cha kanga ya mama yake. Baba alikuwa amefariki dunia, na mama, aliyebaki milimani Lushoto, alikuwa mgonjwa kiasi cha kushindwa kumtunza. Usiku ule ule nilimwogesha, nikampaka mafuta, nikaifua ile kanga kwa kuwa ilinuka moshi. Asubuhi alipoinusa akakuta harufu ya sabuni, alilia hadi sauti ikamkauka. Miaka ilipita kabla sijatambua kwamba nilikuwa nimeifuta harufu ya mama yake kwa mkono wangu mwenyewe.

Sisi watu wa pwani tunajua kufiwa. Mtu akifariki, jamaa hukusanyika, matanga hukaliwa, hitima husomwa, na mfiwa huachwa alie bila kuulizwa sababu. Mtoto aliyetenganishwa na mzazi aliye hai hakaliwi matanga. Huambiwa ashukuru kwa kuwa amepata nyumba na shule, na majirani, kwa nia njema kabisa, humkumbusha bahati yake kila wapitapo barazani. Basi huzuni hutafuta pa kutokea: binti yangu alikuwa akificha mikate chini ya godoro, akikojoa kitandani kila nilipokawia kurudi sokoni, na alipofika darasa la tano akawa mkali kwangu mimi peke yangu. Nilimwadhibu kwa mambo hayo, na ninajuta. Ukiona mtoto wa kulea amegeuka hivyo, kabla ya kumwita mtovu wa adabu, tazama kwanza ni siku gani: huenda ni sikukuu ya Idi, au siku ya kufungua shule, watoto wenzake wanapopelekwa na mama zao.

Kisha lilikuja suala la jina. Mimi na mume wangu tulitaka atumie jina letu ili asisumbuliwe na maswali. Sheikh tuliyemwendea alitusomea aya ya 5 ya Suratul Ahzab, inayoamrisha watoto wa kulea waitwe kwa majina ya baba zao. Naye afisa ustawi wa jamii aliyefuatilia malezi yetu ya kambo alitueleza kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 6, inampa mtoto haki ya jina, ya uraia, na ya kuwajua wazazi waliomzaa pamoja na ukoo wake. Tukamwachia jina la baba yake, nami naona tuliepuka kosa kubwa kuliko lile la kanga.

Hata hivyo, jina peke yake halikutosha. Siku moja mwanafunzi mwenzake alimuuliza kabila lake, akajibu kuwa ni Msambaa, na yule mwenzake akamsalimia kwa Kisambaa. Jioni alinijia jikoni akasema, "Mama, mimi ni Msambaa gani nisiyejua hata kuitikia salamu?" Nilimwambia kweli kwamba mimi sina jibu, lakini wapo walio nalo. Nakiri nilishikwa na wivu kwa kauli hiyo, nikihofu kwamba akiwapata wa kwao nitampoteza. Kwa msaada wa ustawi wa jamii tulimpata mama yake mdogo, tukapanda basi kupitia Muheza, Korogwe na Mombo hadi Lushoto, na huko akaambiwa kwamba jina lake ni la bibi yake mzaa mama. Aliniomba nilirudie mara tatu njiani tulipokuwa tukirudi.

Mweleze mtoto habari zake kwa kadiri ya umri wake, wala usimtukane mzazi wake hata kama alikosea, kwa maana mtoto hujiona yumo ndani ya tusi hilo.

Sasa binti ana miaka 15. Kila Jumapili humpigia mama yake mdogo simu, na siku ambazo hali ni nzuri, mama yake mzazi huzungumza naye pia. Baada ya hapo huingia chumbani akafunga mlango. Zamani ningemfuata nimbembeleze anyamaze. Siku hizi humwekea chakula chini ya kawa, nikakaa ukumbini hadi atoke mwenyewe.