Swali moja, namba tofauti kwa kila mwanafunzi

Kwenye mtihani unaosahihishwa na kompyuta, nimetunga swali la mlinganyo wa kwadratiki (ax² + bx + c = 0) ambalo kila mwanafunzi anapata namba zake. Baadhi yao wanasema mlinganyo wao hauna jibu. Nimekosea wapi?

Umeiachia kompyuta ijichagulie a, b na c. Ikichagua ovyo, kuna atakayepata b² − 4ac iliyo hasi, yaani mlinganyo usio na jibu la namba halisi, na mwingine jibu la desimali zisizokwisha huku jirani yake akipata 2 na 3. Huo si mtihani mmoja tena. Tunga kinyumenyume: mfumo uchague majibu kwanza, tuseme 3 na −5, ndipo uzidishe (x − 3)(x + 5) kupata x² + 2x − 15 = 0. Ongeza masharti, kwamba majibu yasifanane na sifuri isiwemo. Kisha fungua matoleo kama kumi uyatatue mwenyewe kwa kalamu. Inachosha, najua, lakini malalamiko ya darasa zima yanachosha zaidi.

Jibu ni 1/3. Nimeruhusu tofauti ya asilimia 1, lakini sina hakika kama anayeandika 0.33 atapata alama.

Una haki ya kusita. 0.33 imepungua kutoka theluthi kwa asilimia 1 kamili, yaani imekaa mpakani, na kompyuta inavyokadiria desimali inaweza kuiangusha upande wowote. Weka asilimia 2, au sema wazi unataka desimali ngapi. Usikimbilie tofauti ya kiasi kisichobadilika kama 0.01: kwa jibu la 5,000 ni ukali wa bure, kwa jibu la 0.004 ni kupitisha hata sifuri. Ila jibu sahihi likiwa sifuri yenyewe, asilimia haina kazi, hapo tumia kiasi.

Mwanafunzi kaandika 2(x + 3), mfumo ukamkosesha kwa sababu mimi niliandika 2x + 6.

Umetumia swali la jibu fupi, ambalo hulinganisha herufi kwa herufi. Tafuta aina inayoelewa aljebra. STACK, aina ya swali inayotumika ndani ya Moodle (mfumo wa masomo ya mtandaoni), huipa kazi hiyo programu ya aljebra iitwayo Maxima. WeBWorK, mfumo mwingine wa mazoezi ya hesabu mtandaoni, huweka thamani kadhaa za x kwenye majibu yote mawili na kuona kama yanalingana.

Sasa angalia mtego. Ukiuliza "tafuta vigawo vya x² + 2x − 15", mjanja atanakili swali lako kama lilivyo na kulirudisha kuwa jibu. Kwa thamani ni sawa kabisa, atapata alama zote! Ni lazima uongeze kipimo cha pili kinachokagua umbo la jibu.

Kwenye swali la kuchagua majibu zaidi ya moja, wanaweka tiki kila mahali.

Kila chaguo lisilo sahihi likate alama. Yakiwa sahihi mawili na ya uongo mawili, weka +50% kwa kila lililo sahihi na −50% kwa kila la uongo; mwenye kuweka tiki zote anabaki na sifuri. Waambie kabla hawajaanza.