Notsi zako za utafiti zisilale ugenini

Nilikuwa Songosongo, kisiwa cha wilaya ya Kilwa, nikiwahoji akina mama wanaovua pweza kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Maji ya bamvua yakitoka wanaingia mwambani na vijiti vyao, na wakirudi una muda mfupi tu wa kuzungumza nao kabla hawajaingia jikoni. Nikakaa na bibi mmoja mzoefu, nikafungua simu nisome maswali niliyoyaandaa Dar. Vichwa vya notsi vikaja vyote. Ndani, peupe. Bando lilikuwepo, mtandao ndio haukuwepo. Bibi akanitazama nikihangaika, mwishowe akasema, "Mwanangu, si uulize tu?"

Nikauliza niliyoyakumbuka.

Kumbe programu ile, kwa akaunti ya bure, notsi zenyewe ilizihifadhi mtandaoni, kwenye simu ikaniachia orodha. Kosa langu ni kwamba sikuwahi kuijaribu bila mtandao. Siku hizi programu yoyote mpya naipa mtihani huo kwanza: nazima data na Wi-Fi, nafungua notsi ya miezi mitatu nyuma, naongeza sentensi. Ikishindwa, naifuta.

Nilirudi Dar na hasira, nikahamishia kila kitu kwenye laptop. Haikupita muda umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, diski ikafa. Fundi hakuokoa kitu. Nilichobaki nacho ni sura mbili nilizokuwa nimemtumia msimamizi wangu kwa barua pepe. Kwa hiyo msinione shabiki wa upande wowote, wa kuhifadhi mtandaoni au wa kuhifadhi kwenye kompyuta yako. Pande zote mbili zimeshaniliza.

Sasa notsi zangu naziandika kwenye Obsidian, programu ya notsi, kwa sababu kila notsi ni faili la maandishi ya kawaida ndani ya folda yangu mwenyewe. Obsidian ikifa kesho, faili zitafunguka hata kwenye Notepad. Watu huchukulia jambo hili kirahisi. Mwishoni mwa 2023 Evernote, programu nyingine ya notsi inayohifadhi mtandaoni, ilipunguza akaunti ya bure hadi notsi 50. Mwenye mamia hakunyang'anywa za zamani, ila kuongeza mpya ilibidi alipie. Ni kama nyumba ya kupanga: mwenye nyumba akipandisha kodi unalipa au unafunga virago, na kuhama na notsi elfu moja si mchezo.

Makala na vitabu nimeviweka Zotero, programu ya kutunza marejeo. Inakaa kwenye kompyuta, haina malipo, na inaweza kulandanisha na mtandao (sync). Nafasi ya bure ya mafaili ni MB 300, ambayo PDF zilizoskaniwa zinaimaliza upesi, lakini marejeo na notsi zenyewe hazihesabiwi humo. Nalandanisha hizo tu, PDF zinabaki kwangu. Angalizo moja: usiiweke folda ya data ya Zotero ndani ya Dropbox au Google Drive ukidhani umepata njia ya mkato. Watengenezaji wenyewe wanaonya kwamba hifadhidata inaweza kuharibika.

Kulandanisha nako si kuhifadhi nakala. Ukifuta kwenye simu, kompyuta nayo inafuta kwa utii kabisa.

Sauti za mahojiano hazipandi mtandaoni hata kidogo. Wale akina mama walinitajia majina, madeni, na nani anavua mwamba ukiwa umefungwa ili pweza wakue. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, bibi yule aliongea na mimi, hakuongea na seva. Sauti ziko kwenye ekstano (diski ya nje) yenye nywila, na orodha inayounganisha majina na namba za wahojiwa iko kwenye daftari la karatasi.

Kila Ijumaa jioni nanakili folda ya notsi kwenye fleshi mbili. Moja inabaki mezani kwangu. Nyingine naipeleka kwa shangazi Temeke, naye anaitia kwenye kopo la biskuti pamoja na sindano zake na uzi.