x zikifanana, usiguse mteremko

Futa hiyo sifuri! Umeuliza mlinganyo wa mstari unaopita (4, −1) na (4, 5), halafu ukaandika mteremko ni 0 kwa sababu "chini imetoka sifuri". Kesho unakabidhi? Usikabidhi hivyo.

Hiyo sifuri ndiyo ilitumaliza sisi. Mwalimu wa tuisheni hapa Moshi, tena analipwa hela za wazazi, alitwambia namba yoyote ukigawa kwa sifuri unapata sifuri. Darasa zima likanakili. Mtihani wa mkoa ukaja na swali la aina hii lenye (a), (b) na (c), na zote zikaondoka kwa kosa moja. Mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira.

Tazama hesabu yako. Mteremko ni badiliko la y gawanya kwa badiliko la x. y imebadilika kwa 5 − (−1) = 6. x imebadilika kwa 4 − 4 = 0. Sita gawanya kwa sifuri haina jibu, maana hakuna namba utakayoizidisha kwa 0 ukapata 6. Sifuri ikiwa juu, 0 gawanya kwa 6, hapo sawa, mteremko ni 0, ila huo ni mstari mlalo. Sasa lazimisha 0 kwenye y = mx + c (m ni mteremko, c ni pale mstari unapoukata mhimili wa y): unapata y = −1. Haya, nukta yako ya pili ina y = 5. Haimo! Umechora mstari uliolala wakati nukta zako zimesimama moja juu ya nyingine. Wakikuomba mstari unaoukata kwa pembe mraba, utatoa uliosimama, nao umekosa.

Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu anakwenda mbele huku anapanda, ndiyo maana mteremko unahesabika. Mstari wima hauna hata hatua moja ya mbele.

Kwa hiyo kabla hujaandika m, angalia x za nukta zote mbili. Zikifanana, weka kanuni pembeni, andika x = 4, basi. Yule mwalimu wa tuisheni alikuwa anasisitiza jibu lazima lianze na y. Nani kasema? Mhimili wa y wenyewe mlinganyo wake ni x = 0! Kwenye x = 4, y ni yoyote: (4, 0), (4, 100), (4, −37), zote zimo. Wala usihangaike kutafuta c, mstari huu uko sambamba na mhimili wa y, hauukati popote.

Na kikokotoo kikikuandikia kosa ukigawa 6 kwa 0, usikibonyeze upya. Kiko sawa.