Maswali ya Karakana: Mbuzi za Nazi 40 Kabla ya Nanenane

SWALI: Mhariri, salaam. Nafundisha ufundi sekondari, Lindi mjini. Wanafunzi wangu 24 wanatengeneza mbuzi za nazi 40 tukauze kwenye maonyesho ya Nanenane, viwanja vya Ngongo. Ni za kukunja: ubao wa kukalia una ulimi unaopita kwenye tundu la fremu ya miguu, na bolti ya milimita 10 inavishika vyote viwili. Chache za kwanza kila mwanafunzi alitengeneza yake mwanzo hadi mwisho, zikafunga vizuri. Tulipogawana kazi, hawa ndimi, wale matundu, nusu haziingii na nyingine zinacheza. Vipimo ni vilevile. Tumekosea wapi?
Mwalimu wa ufundi, Lindi

JIBU: Mwalimu, vipimo hata mwanzo havikuwa vilevile. Aliyetengeneza mbuzi nzima peke yake alikuwa akichonga ulimi kufuata tundu lake: ukikaza anapitisha randa, anajaribu tena. Mwenye ndimi sasa halioni tundu, kwa hiyo kosa ambalo zamani lilimezwa na randa linajitokeza mezani siku ya kufunga.

Angalia kwanza wanavyochora. Mara nyingi mwanafunzi anachukua kipande alichomaliza, anakilaza juu ya ubao mpya na kukizungushia penseli. Mstari unakaa nje ya kipande, hivyo kipya kinazidi kidogo. Halafu hicho kipya ndicho kinachochorea kinachofuata. Kikizidi nusu milimita kila mara, cha 20 kimezidi karibu sentimita nzima, na hakuna aliyekosea kwa makusudi. Weka kielelezo kimoja cha bati nene, kipake rangi nyekundu, na iwe marufuku kuchora kwa kingine chochote.

Pili, "ulimi milimita 30" si agizo linalotekelezeka. Toa mipaka: ulimi usipungue 29.5 wala kuzidi 30. Tundu lisipungue 31 wala kuzidi 31.5. Hapo ulimi wowote utaingia tundu lolote, na nafasi itakuwa kati ya milimita 1 na 2. Usiwape vernia 24, vile vipimio vya kusoma sehemu za milimita. Kata wewe mwenyewe kipande cha chuma chenye mapengo mawili, la 30 na la 29.5. Ulimi mzuri unaingia la kwanza na kukataa la pili. Kwa matundu, chonga vijiti viwili vya chuma: cha 31 kiingie, cha 31.5 kikatae. Kukagua kunachukua sekunde tano, na hakuna ubishi.

Matundu ya bolti yatoboeni kwenye jigi: kisanduku chenye kizuizi mwishoni, na juu kipande cha bomba la chuma kinachoongoza keekee, tundu milimita 10.5. Kata kona ya kizuizi ili unga wa mbao upate pa kutokea. Usipofanya hivyo unga unajikusanya pale pembeni, ubao haugusi kizuizi, na kila tundu linahama bila mtu kujua. Ubao ubanwe, asiushike mtu kwa mkono.

Usiruhusu matundu yote 40 yakamilike kabla ya mbuzi hata moja kufungwa. Anza na moja, ifunge, ikunje na kuikunjua, mtu mzima aikalie. Kisha tano: changanya ndimi na miguu juu ya meza, wafunge bila kuchagua. Zikifunga zote, endeleeni.

Kama mbao zilipasuliwa msimu wa mvua, ulimi uliopita kwenye kipimo leo utalegea mwezi ujao, maana mbao husinyaa kwa upana, si kwa urefu. Zipangeni kivulini, vijiti katikati, upepo upite. Na mpingo waachieni wachongaji: patasi za shule hazitafika mchana.

SWALI: Katika kazi hiyohiyo, wanaokata meno wanalemewa huku wengine wamekaa wakipiga soga. Niwagaweje?
Mwalimu yuleyule

JIBU: Pima kwa saa kila hatua. Tuseme umepata hivi kwa mbuzi moja: kukata mbao dakika 6, randa 15, kutoboa 4, tundu la ulimi kwa patasi 25, meno kwa tupa 30, kufunga 10. Ukitaka mbuzi moja itoke kila dakika 5, gawa kila muda kwa 5: kukata watu 2, randa 3, kutoboa 1, tundu 5, meno 6, kufunga 2. Hao ni 19. Watano waliobaki: wakaguzi wawili, mtunza vifaa, mwandishi wa kasoro, na wa kusogeza vipande. Kipindi cha dakika 80 kitatoa mbuzi 16 mkondo ukishajaa. Cha kwanza kitatoa pungufu sana, usiwakaripie. Meno yakichelewa, kuongeza mtu kwenye randa kunaongeza rundo tu. Badilisha nafasi kila kipindi, ila mwandishi wa kasoro akae vipindi viwili ili aone kasoro zinavyojirudia.

SWALI: Meno ya mbuzi zetu yanalala baada ya nazi chache. Tumechoma chuma hadi chekundu na kutumbukiza kwenye maji, hakuna mabadiliko.
Mwanafunzi wa ufundi, Masasi

JIBU: Mwanangu, hiyo ni flati ba ya kawaida, yaani chuma bapa laini. Kaboni yake ni ndogo mno, haishiki ugumu hata uizamishe baharini Mikindani. Tafuteni springi kuukuu ya gari. Ichomeni hadi iwe nyekundu, muifukie kwenye majivu ipoe polepole usiku kucha, ndipo tupa iikate bila taabu. Kateni meno kwa tupa ya pembetatu, kisha ichomeni tena mkiwa kivulini; juani rangi inadanganya na mtaunguza chuma. Ijaribuni kwa sumaku: ikiacha kunasa, ongezeni moto kidogo tu, tumbukizeni kwenye mafuta. Maji yatakipasua. Hapo kimekuwa kigumu lakini kinavunjika kama glasi, kwa hiyo king'arisheni kwa msasa, kipasheni moto taratibu kuanzia shinani, na rangi ya kahawia inayoingia zambarau ikifika kwenye meno, kipozeni. Msipake rangi wala zinki kwenye meno, yanagusa chakula. Mafuta ya kula yanatosha kuzuia kutu.

SWALI: Nasi tunatengeneza mbuzi za nazi. Tuuze bei gani?
Kamati ya mradi, Newala

JIBU: Msigawanye gharama kwa mlizoanza kutengeneza, gawanyeni kwa zinazouzika. Mkianza 44 kwa vifaa vya shilingi 8,000 kila moja, mmetumia 352,000. Nne zikiharibika, kila nzima imegharimu 8,800, na bado hamjaweka tupa, umeme, usafiri na jasho lenu. Zile nne msizichome. Ziandikwe kilichoziharibu, zitundikwe ukutani karakana.