Kuhusu hiyo grosari yako ya Tandika

Kaka, Bwana Yesu asifiwe. Unasema umeokoka, hunywi tena, lakini grosari ya bia bado ipo, umemweka kijana auze, na fungu la kumi la mauzo unapeleka kanisani. Unauliza kama inatosha.

Soma 1 Samweli 15. Mfalme Sauli aliagizwa na Mungu aangamize mifugo yote ya Waamaleki. Akabakiza wanyama walionona, kisha akajitetea kwamba ni kwa ajili ya dhabihu. Nabii Samweli akamjibu kuwa kutii ni bora kuliko dhabihu. Sasa litazame hilo fungu lako la kumi.

Sikuhukumu. Mimi nilikuwa nakopesha kwa riba kule Mbagala. Nilipookoka, daftari la wadeni nikalificha chini ya godoro, nikajiambia wakimaliza kulipa hawa naacha. Miezi minane! Kila nikipiga magoti kando ya kitanda, kiwiko kinagusa kona yake. Siku nilipolichoma kwenye jiko la mkaa, mke wangu aliuliza tutakula nini, na jibu sikuwa nalo. (Tulikula dagaa, tena sana.)

Ila usifunge kesho kwa mihemko. Mlipe kijana haki yake, mpe muda atafute kazi, rudisha kreti za watu, na uongee na shemeji kabla hata ya mchungaji. Friji halina dhambi. Tandika joto lile watu wanataka maji baridi na juisi ya ukwaju pia. Na tafadhali, usimwachie mdogo wako "aendeshe" huku hesabu ya jioni inaletwa kwako.