Jibu: Mashine ya kukaushia chakula cha akiba, feni iwe chini au nyuma?

Dada, kwa kuwa unataka akiba ya mchicha, maembe na nyama kwa miezi ya ukame, chukua yenye feni nyuma. Ya feni chini hukausha trei za chini upesi, za juu zinabaki mbichimbichi, utashinda ukizihamisha.

Ila kabla ya feni, angalia kidhibiti joto. Mashine yenye swichi ya kuwasha na kuzima tu iache, hata bei ikiwa nzuri. Mboga na matunda vinataka nyuzi 55 hadi 60 hivi. Nyama ni habari nyingine: ipike kwanza mpaka ndani ifike nyuzi 71, ndipo uikaushe, maana ikikauka kabla haijapata moto wa kutosha, vijidudu vinabaki hai. Na usiihesabu kuwa akiba ya mwaka. Bila friji, ya kukausha nyumbani ni ya wiki chache.

Embe likate vipande vya unene wa nusu sentimita. Likishakauka na kupoa, likunje na kulibana: lisitoe unyevu. Kisha jaza chupa ya kioo robo tatu, funga, tikisa kila siku kwa wiki moja. Ukiona matone ndani ya kioo, rudisha kwenye trei siku hiyohiyo.