Kashe ya Yocto si takataka

SWALI: Habari Mhandisi. Natengeneza kifaa cha kusoma mita za maji kinachotumia Linux ninayoijenga kwa Yocto, zana za kujijengea Linux ya vifaa. Kompyuta yangu ina nyuzi 16 za prosesa na RAM ya GB 16, ila ujenzi mmoja unakula saa sita, na umeme ukikatika naanza upya. Kila asubuhi nafuta folda nzima ya ujenzi nisibebe makosa ya jana. Ninunue mashine ya nyuzi 64?
Msomaji, Ntinda, Kampala

JIBU: Usinunue. Utarudia kazi ileile kwa kasi zaidi, huku unadaiwa.

Sijui nani alianzisha hii dini ya kufuta kila kitu, lakini waumini wake nakutana nao kila wiki. Ndugu yangu, ndani ya folda hiyo kuna tmp, yaani kazi ya muda, kuna downloads, yaani vyanzo vilivyopakuliwa, na kuna sstate-cache, yaani kashe ya hatua zilizokwisha kujengwa. Tmp ifute hata kila siku. Sstate-cache ndiyo ghala lako. BitBake, programu inayoendesha ujenzi wa Yocto, huipa kila hatua ya kila resipi (maelekezo ya kujenga programu moja) alama inayokokotolewa kutokana na vinavyoiingia: msimbo, viraka, amri, mipangilio. Alama ikilingana na ya jana, kinachukuliwa kilichokwisha kujengwa. Ikibadilika, hatua hiyo inajengwa upya pamoja na zinazoitegemea. Yaani kazi ya kukagua unayodhani unaifanya kwa kufuta, inafanyika tayari. Una shaka na resipi moja? Ipige cleansstate, amri ya kufuta kashe yake, hiyo peke yake. Kompaila nzima, inayogeuza msimbo kuwa programu, imekukosea nini?

Weka SSTATE_DIR (mahali pa sstate-cache) na DL_DIR (mahali pa downloads) nje ya folda ya ujenzi. Umeme ukirudi, hatua zilizokamilika utazikuta, na bando halitakwenda kupakua vyanzo vilevile mara ya pili.

RAM yako ni ndogo kwa nyuzi hizo. BitBake huendesha kazi 16 kwa pamoja, na kila moja inaweza kuita kompaila 16. Zikikutana programu kubwa za C++, RAM inajaa na mashine inaanza kuhemea kwenye diski. Anza na BB_NUMBER_THREADS (idadi ya kazi za BitBake kwa pamoja) ya 6 na PARALLEL_MAKE (idadi ya kompaila kwa kila kazi) ya "-j 6", kisha upime.

Ukiona bado vitu vinajengwa upya bila sababu, endesha bitbake-diffsigs, inayoonyesha alama mbili zinatofautiana wapi. Mara nyingi mwenzio ameweka tarehe na saa ndani ya resipi, kwa hiyo alama haifanani kamwe.

Sasa wapo wanaokwenda upande wa pili. Wakishajua kashe inaokoa saa, wanatafuta ya bure: diski ya mkononi inazunguka kutoka kwa fundi hadi fundi, "kila kitu kimo, dakika ishirini umemaliza". Jamani! Alama ile inaeleza vilivyoingia tu. Haisemi lolote juu ya kilichofungwa ndani ya faili. Mtu akibadilisha openssl (programu ya usimbaji wa siri) iliyojengwa na kuacha jina la faili lilivyo, BitBake itaipokea na kuipakia kwenye kifaa chako bila kuuliza. Kashe ya kugawana iwe ya ofisi yenu wenyewe, kwenye sava mnayoijua, vifurushi vikiwa vimesainiwa na SSTATE_VERIFY_SIG, mpangilio wa kukagua saini hizo, ikiwa imewashwa. Diski ya yule fundi mrudishie. Mita zako zitasomea watu bili.